Ule ukuta uliouchafua na makala ya jiko

Mwanangu,

Odio yako ya Jumapili nimeisikiliza mara tatu, mama yako naye akaisikiliza akatoka inje bila kusema kitu, nikamkuta anapepeta maharagwe yaliyokuwa yamekwisha kupepetwa. Unauliza kama nitaona haya ukiacha kazi ya mgodi huko Kolwezi, na sasa hivi njo wanataka kukupa ushefu wa timu, uende ukafundishe hisabati kwenye sekondari Lubumbashi. Umesema siku walikutangazia hicho cheo ulijifungia chooni ukalia.

Haya sina. Ila kuko kitu nimekaa nacho muda mrefu. Ulipokuwa na miaka kama kumi hivi ulikuwa unakusanya watoto wa jirani hapa kwenye baraza, unaandika na makala ya jiko kwenye ukuta wa mbao, unawafundisha kugawanya, na yule mtoto wa mama muuza sambaza alijua kugawanya juu yako wewe, si juu ya shule. Mi nikatoka nikakugombeza, nikasema unachafua ukuta, nikaongeza kwamba ualimu ni kazi ya njaa. Huo ukuta ulikuwa sababu tu. Nilikuwa nataka kuitwa papa ya injenieri. Hiyo tamaa ilikuwa yangu, wewe umeibeba tu mpaka Kolwezi.

Na nilipaswa kujua, juu ilikuwa imeshanipata mimi mwenyewe. Unakumbuka nilikuwa mkubwa wa stoo ya kampuni moja pale katikati ya mji wa Goma, nilikaa miaka tisa nikingoja waniite direkta, Jumapili naenda, sikukuu naenda, mfukoni nina funguo kumi na mbili zinalia kama kengele za mbuzi na mi nasikia raha watu wakizisikia. 17 Januari 2002 moto wa volkano ya Nyiragongo ukashuka mpaka mjini, tukakimbilia Gisenyi, ng'ambo Rwanda, wewe nimekushika mkono, na tuliporudi nikaenda moja kwa moja kazini, sikuanzia hata nyumbani! Nikakuta mawe meusi yanatoa moshi, na mimi nimesimama juu yake na funguo za milango ambayo haiko. Mkubwa wangu alikuwa ameshahama, hakuna aliyeniita.

Usidhani useremala niliuchagua kwa akili, mlima njo ulinichagulia. Watu walitaka nyumba haraka, kuchimba msingi kwenye yale mawe ni taabu, basi mji mzima ukawa unatafuta mbao na misumari, shemeji yangu akanipa randa. Madirisha yangu ya kwanza yalikuwa yamepinda, watu wamelipa hivyo hivyo. Kuko miezi tulikula maharagwe tu, na kidole changu unakijua. Lakini nilianza kulala usiku, na nikipita fasi naona mlango nasema huu nimeutengeneza mimi. Kule stoo sikuwahi kuona kitu cha kusema hivyo.

Sasa usikimbie kuandika barua ya kuacha kazi kesho. Mshahara wa mwalimu unaujua, ni mdogo na unachelewa, kwa hiyo weka kwanza pesa ya miezi sita pembeni, na minervali, ile pesa ya shule ya mdogo wako, niachie mimi, usiifanye sababu ya kubaki. Halafu ukipata likizo nenda Lubumbashi uombe shule yoyote wakuachie darasa wiki mbili, darasa kweli lile la watoto hamsini wanasukumana kwenye benchi, chaki inakuingia puani, joto la Oktoba. Kama siku ya kumi bado unataka kurudi asubuhi, basi hama. Kama hutaki, pia uniambie, sitacheka. Na huo ushefu ukikubali, ukubali juu unautaka, si juu ya mimi.

Mama yako anasema hajakasirika, maharagwe yalikuwa na mawe kweli.

Ukuta wa baraza bado uko. Nimetaka kuupaka rangi mara mbili, akakataa. Kuko saba moja pale chini umeiandika imegeuka.

Papa yako