Jibu: NFD ilikuwa nini, na kwa nini wenyeji walihitaji kibali cha kutoka?

Ndugu, NFD (Northern Frontier District, yaani Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini) ilikuwa eneo la mpakani kaskazini mwa Kenya wakati wa ukoloni: Garissa, Wajir, Mandera, Moyale, Marsabit na Isiolo. Waingereza walilihesabu kama ukuta wa kujikinga dhidi ya Wahabeshi na Waitaliano, si mahali pa kujenga shule. Ndiyo maana mwaka 1926 wakalifunga. Kuingia au kutoka kukawa kwa kibali tu. Sheria ya 1934 ndiyo ilikuwa kali zaidi: kwa kosa la mtu mmoja ukoo mzima uliweza kuadhibiwa, na mifugo yao kutwaliwa.

Tume ya Waingereza ya 1962 ilikuta wenyeji wengi wanataka kuungana na Somalia. London ikapuuza. Vita vya Shifta, kati ya serikali ya Kenya na Wasomali waliotaka kujitenga, vikafuata hadi 1967, lakini hali ya hatari haikuondolewa hadi miaka ya 1990.