Sebule ndogo yenye joto: tafuta kwanza njia ya upepo

Ndugu uliyeuliza iwapo sebule yako ya mita 3.5 kwa 4.5 hapa Dar es Salaam itatosha makochi ya watu saba, na iwapo ununue kiyoyozi, nakujibu kwa yaliyonipata mwenyewe, kwani mimi nilinunua makochi kwanza na akili ikaja baadaye.

Kochi la watu watatu nililiweka chini ya dirisha la kusini-mashariki, mgongo wake ukafunika sehemu ya chini ya dirisha, nami sikutambua kwamba nimeuziba upepo wa kusi unaotuburudisha katikati ya mwaka. Dirisha lenyewe ni la aluminiamu la kusukuma, ambalo hata ukilifungua lote ni nusu tu inayopitisha hewa. Kisha nikashusha dari ya jipsamu kwa ajili ya urembo, pangaboi likabaki limebanwa juu, na pangaboi lisilo na nafasi ya kuvuta hewa juu yake hutoa kelele nyingi kuliko upepo. Fundi alisema haina shida. Lakini si fundi anayelala humo.

Nilipochoka, nilitoa kila kitu nje, nikatandika kanga sakafuni mahali pa samani. Kanga ina urefu wa takribani mita 1.5 na upana wa takribani mita 1, kwa hiyo ukiikunja au ukiiunga na nyingine unapata umbo la kochi lolote bila kubeba mzigo. Siku mbili tulipita baina ya kanga hizo tukiwa na masinia mikononi, na ikadhihirika kwamba njia ya kutoka mlangoni hadi jikoni inahitaji sentimita 80 hadi 90, ambazo seti ya watu saba isingeziacha. Nikabakiza kochi moja ukutani, viti viwili vyepesi, na mkeka wenye mito kwa siku za wageni wengi.

Kabati la vyombo nalo liliondoka. Wajenzi wa nyumba za mawe za Lamu na Zanzibar, ambao upana wa vyumba vyao ulitegemea urefu wa boriti za mikoko, walichonga zidaka, yaani vishubaka vya kuwekea vyombo, katika unene wa kuta. Kuta zetu nyembamba za matofali haziruhusu hilo, hivyo nilipigilia rafu juu ya usawa wa mlango.

Dirisha la magharibi lilinisumbua zaidi. Pazia zito halikufaa, kwa sababu jua likishapenya kioo joto limeshaingia. Kilichosaidia ni pazia la mianzi lililotundikwa nje.

Kiyoyozi sikununua. Hata hivyo, ikiwa sebule yako ina dirisha moja tu na upepo hauna pa kutokea, ningekushauri fedha za makochi uzielekeze huko.