Mwanangu, Anayepumzika Haibi

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imetufikia salama, na tumeisoma pamoja mimi na baba yako. Umeeleza kwamba siku tano za juma unamtumikia mwajiri wako, Jumamosi unafanya shughuli yako binafsi ili kuongeza kipato, na Jumapili unashinda kanisani kwa sababu umo kwenye kwaya na vilevile kwenye kamati ya ujenzi. Kisha ukauliza: "Mama, kila nikikaa bila kazi nasikia kama naiba. Mimi nikiwa Mkristo, nitajuaje kwamba ninapumzika na si kwamba nimekuwa mvivu?" Nitakujibu kwa urefu, kwa kuwa naona swali hili huwatesa watu wenye bidii, ilhali mvivu mwenyewe hulala usingizi wake bila kuuliza lolote.

Kuhusu kazi sina mengi ya kukufundisha, maana unaipenda na unaiheshimu. Mungu alimweka mwanadamu bustanini ailime na kuitunza kabla dhambi haijaingia duniani, kwa hiyo kazi yenyewe si laana. Bwana wetu alijulikana kwao kuwa seremala, na Paulo alishona mahema kule Korintho huku akihubiri Injili. Ni Paulo huyo huyo aliyewaandikia Wathesalonike kwamba "ikiwa mtu hataki kufanya kazi, basi, asile chakula." Yote hayo uliyajua ungali mdogo, na nafurahi kwamba umeyashika.

Ninachotaka utazame kwa makini ni amri ya nne, ile ya kuitakasa siku ya sabato, kwa sababu mara nyingi tunaisoma nusu. Amri hiyo inataja siku sita za kazi na siku moja ya kupumzika kwa pumzi moja, na aliyeitoa ni Mungu yule yule, kwa hiyo anayefanya kazi siku zote saba hajamtii Mungu kupita wengine. Tena amri hiyo imeandikwa mara mbili, na kila mara imepewa sababu yake. Katika Kutoka sura ya 20, Waisraeli wanaambiwa wapumzike kwa kuwa Mungu mwenyewe alistarehe siku ya saba baada ya kuumba. Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 5, wanaambiwa wakumbuke kwamba walikuwa watumwa katika nchi ya Misri na kwamba Bwana aliwatoa huko kwa mkono wa nguvu. Hii sababu ya pili ndiyo ninayoiona inakuhusu wewe zaidi.

Rudi usome Kutoka sura ya 5. Musa na Haruni walimwomba Farao awaruhusu watu waende jangwani kumfanyia Mungu wao sikukuu, naye akaamuru wasipewe tena majani ya kufyatulia matofali, wakajitafutie wenyewe, lakini hesabu ya matofali isipunguzwe hata moja. Walipolalamika aliwaita wavivu, akadai kwamba ndiyo sababu wanataka kwenda kumtolea Mungu dhabihu. Huyo ndiye bwana ambaye kwake kila anayeomba nafasi ya kupumua ni mvivu, na hesabu yake haitimii kamwe. Mwanangu, ile sauti inayokuambia kwamba unaiba unapoketi na watoto wako inafanana mno na sauti ya Farao, na sidhani kwamba ni sauti ya Roho Mtakatifu. Mungu aliwakuta watu ambao vizazi kwa vizazi hawakuwahi kuwa na siku yao, akawapa siku, tena kwa amri, kwa sababu mtu aliyezoea kusukumwa hajui kusimama hata anapokuwa huru.

Umeandika pia kwamba utapumzika mradi huu ukiisha. Nakuomba usome mstari mmoja ambao ni nadra kuusikia ukihubiriwa, Kutoka 34:21, ambapo Mungu anasema kwamba siku ya saba watapumzika hata wakati wa kulima na wakati wa kuvuna. Mkulima anajua uzito wa maneno hayo. Mvua haimngoji mtu, na nafaka iliyoiva ikikawia shambani huharibika. Hata hivyo, Mungu hakuwaambia wavune kwanza halafu wapumzike. Aliweka mpaka unaofuata siku, ambao hautegemei kama kazi imekwisha, na ndiyo maana yeyote anayesubiri kazi iishe ili apumzike hatapumzika mpaka aumwe. Na kabla ya kufika Sinai aliwafundisha jambo lilo hilo kwa mana, kile chakula alichowashushia jangwani: siku ya sita waliokota sehemu maradufu nayo haikuoza, na wale waliotoka siku ya saba kutafuta zaidi hawakuona kitu. Hapo ndipo penye ugumu wa pumziko kwa mwamini, kwamba linatudai imani. Ukifunga kazi yako kabla haijaisha, unakiri kwa vitendo kwamba riziki ya nyumba yako iko mikononi mwa Mungu kabla ya kuwa mikononi mwako. Zaburi ya 127 inasema waziwazi kwamba kuamka mapema, kuchelewa kulala na kula chakula cha taabu ni bure, kwa kuwa Yeye humpa mpenzi wake usingizi.

Sasa nije kwenye swali lako lenyewe, namna ya kutofautisha pumziko na uvivu. Wengi hupima kwa saa, wakidhani kwamba mwenye kulala saa chache ndiye mwenye bidii. Mimi napima kwa kuuliza nani anaubeba mzigo ninapoutua. Mithali sura ya 24 inaeleza shamba la mvivu lililoota miiba na ukuta wake ukabomoka: huyo aliacha wajibu wake uharibike, na bila shaka kuna waliolala njaa kwa sababu yake. Amri ya Mungu ni kinyume kabisa cha hayo, maana inamtaja mwana, binti, mtumwa, mjakazi, mgeni, hata ng'ombe na punda, na katika Kumbukumbu la Torati inaongeza kwamba mtumwa na mjakazi wapumzike vile vile kama wewe. Kwa maneno mengine, pumziko la mkubwa linalomwongezea mdogo kazi halijafikia kipimo cha Mungu.

Hapa nitasema kama mama na kama mwanamke, nawe usikasirike. Katika nyumba nyingi za Wakristo, siku inayoitwa ya mapumziko ndiyo siku ambayo mke wa nyumba anachoka kuliko siku zote, kwa kuwa wageni wanakuja, watoto wote wapo, na baba amekaa kitini akisema kwamba leo ni siku ya Bwana. Nyumba ya namna hiyo ina mtu mmoja anayepumzika na mwingine anayelipia. Kwa hiyo, ukitaka kujua kama umepumzika kwa haki, mtazame mkeo jioni ya siku hiyo. Chakula kinaweza kuandaliwa siku iliyotangulia, kama Waisraeli walivyoambiwa waoke na kuchemsha mana yao siku ya sita, na vyombo vinaweza kuoshwa na mikono ya wanaume bila sheria yoyote kuvunjika.

Kuhusu utumishi wa kanisani, najua utaona vigumu kunisikiliza, maana unaona kwamba kazi ya Mungu haihesabiki kuwa kazi. Lakini Bwana Yesu mwenyewe alisema kwamba makuhani hufanya kazi hekaluni siku ya sabato, na hawana hatia. Aliona kwamba wanafanya kazi. Kuimba na kuabudu pamoja na ndugu zako kunakuburudisha roho, na hilo sikuzuii. Kikao cha kamati kinachoendelea hadi jioni mkijadili saruji na mabati ni kazi halali na njema, ila hakiwezi kuhesabiwa kuwa pumziko lako, na mtu ambaye Jumapili yake imekwisha hivyo anapaswa kuwa na siku nyingine. Yethro, baba mkwe wa Musa, alipomwona Musa akiwaamua watu tangu asubuhi hata jioni, alimwambia kwamba jambo hilo si jema, kwamba atadhoofika yeye pamoja na watu walio naye, na akamshauri achague wasaidizi. Musa alikuwa akifanya kazi ya Mungu hasa, na bado alisikiliza.

Mtazame pia Bwana Yesu katika Marko sura ya 6. Mitume wamerudi kutoka safari yao ya kuhubiri, watu ni wengi hata hawapati nafasi ya kula, naye anawaambia, "Njoni ninyi peke yenu kwa faragha, mahali pasipokuwa na watu, mkapumzike kidogo." Umati ukawatangulia, naye akawahurumia, akawafundisha, akawalisha. Unaona kwamba huruma inaweza kuahirisha mapumziko, na ndivyo inavyopasa mtoto akiugua au jirani akifiwa. Lakini endelea kusoma: baada ya watu kushiba, aliwaaga, akaenda zake mlimani kuomba. Aliahirisha, hakufuta. Na kule Kapernaumu, alipotoka alfajiri kuomba mahali pasipokuwa na watu na Petro akamfuata kumwambia kwamba watu wote wanamtafuta, hakurudi. Alisema waende katika miji mingine. Ikiwa Mwana wa Mungu aliondoka huku watu wakimtafuta, wewe unaweza kuwaambia wenzako wa kamati kwamba muhula huu hutaendelea.

Mwili wako nao una haki yake. Mwaka 2021, Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitangaza kwamba mtu anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa juma yuko katika hatari ya kiharusi iliyo kubwa kwa takriban asilimia 35, na ya kufa kwa ugonjwa wa moyo kwa takriban asilimia 17, akilinganishwa na afanyaye saa 35 hadi 40. Jumlisha saa zako kwa uaminifu, ukiweka na zile za usiku unapojibu ujumbe wa kazini kitandani. Nabii Eliya alipochoka kiasi cha kuomba afe, malaika hakumkemea. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena, kisha akampa chakula mara ya pili. Mazungumzo na Mungu yalikuja baadaye.

Katika kuchagua siku, usichague peke yako. Umoja wa Kisovieti ulianzisha mwaka 1929 juma la siku tano, ambapo wafanyakazi walipumzika kwa zamu, na mara nyingi mume na mke wakawa na siku tofauti. Kila mtu alipata siku yake, lakini jamaa nyingi hazikukutana; mpango huo ukabadilishwa mwaka 1931, na mwaka 1940 juma la siku saba likarudishwa. Pumziko la mtu mmoja mmoja halitoshi kuifanya nyumba ipumzike. Kama Jumapili haiwezekani kwa sasa, Paulo anatukumbusha katika Warumi sura ya 14 tusihukumiane kwa ajili ya siku, hivyo Jumamosi ni njema pia, mradi iwe ya nyote. Najua kwamba Jumamosi hiyo inakuletea fedha. Kaa na mkeo mpige hesabu ya yale ambayo nyumba inahitaji kweli na yale ambayo mmejiongezea, na kama mapato ya siku hiyo ndiyo yanayolipa karo au matibabu, basi anza kwa nusu siku, bila kujilaumu. Simu ya kazi izimwe, na mwajiri ajulishwe mapema kwa heshima.

Mkishakubaliana, niandikie mmechagua siku ipi, ili nasi tusiwe tunakupigia simu siku hiyo kwa mambo yanayoweza kungoja. Baba yako anakusalimu sana. Nisalimie mkeo na uwabusu wajukuu wangu.

Ni mimi mama yako.