Kabla hujanunua makabrasha ya zabuni ya umeme nje ya nchi

Kampuni zetu za ukandarasi wa umeme zimeanza kutupia jicho Malawi, Zambia, Burundi na Kongo. Ni jambo jema. Mimi nimekaa miaka mingi kwenye meza ya kuandaa zabuni za njia za umeme na vituo vya kupozea umeme, na vijana wanaonijia huuliza kwanza habari ya bei: tushushe hadi wapi? Huwa nawarudishia swali: mradi unalipwa na nani?

Kama fedha ni mkopo kutoka serikali ya muuzaji wa mitambo, usijichoshe kutafuta ukandarasi mkuu. Karuma ya Uganda, megawati 600, ilijengwa na Sinohydro, na sehemu kubwa ya fedha ilitoka Benki ya Exim ya China, benki ya serikali inayokopesha ili kampuni za kwao ziuze nje. Kinyerezi II hapa Dar ilijengwa na Sumitomo ya Japani kwa mkopo wa JBIC, benki ya serikali ya huko, na benki za biashara, bima ikawekwa na NEXI, shirika la Japani la bima ya mauzo ya nje. Mitambo na fedha vilipanda meli moja. Hapo nafasi yako ni misingi ya zege, usafirishaji, nguzo na uvutaji wa nyaya, nayo unaitafuta kwa mkandarasi mkuu mapema, kabla hajafunga bei yake.

Usidhani wakubwa hujitegemea. Kibali cha Benki ya Exim ya Marekani cha kutoa mikopo mipya kilipokwisha Juni 2015, Bunge likiwa bado linavutana, General Electric ilitangaza Septemba kwamba itahamisha ajira kama 500 za mitambo ya umeme, nyingi zikienda Ufaransa, ambako ilikuwa imepata ahadi ya udhamini wa Coface, iliyokuwa ikitoa dhamana za mauzo ya nje kwa niaba ya serikali ya huko. Kampuni yenye ukubwa ule haikuona haya kwenda kutafuta serikali nyingine ya kuidhamini. Wewe unaona haya ya nini?

Tena msaada si mkopo tu. Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115, tumelijenga kwa fedha zetu, lakini mkataba uliposainiwa Dar es Salaam Desemba 2018, Waziri Mkuu wa Misri alikuwepo kushuhudia Arab Contractors na Elsewedy wakitia saini. Mnunuzi akiona hivyo anajua kazi ikikwama kuna mlango wa kugonga.

Sasa kwetu sisi wadogo, kinachotuangusha hasa ni dhamana za benki. Chukua mkataba wa shilingi bilioni 4. Dhamana ya utekelezaji, yaani ahadi ya benki kumlipa mteja ukishindwa kazi, asilimia 10, hiyo milioni 400. Ukichukua malipo ya awali ya asilimia 20, unatoa dhamana nyingine ya milioni 800. Benki yako ikidai uweke fedha taslimu kufunika zote, bilioni 1.2 imefungwa, na ile ya utekelezaji mara nyingi haifunguki mpaka kipindi cha matazamio, yaani muda wa kurekebisha kasoro baada ya kukabidhi kazi, kipite. Faida utaila wapi? Halafu mteja wa nje anaweza kukataa barua ya benki ya Tanzania mpaka benki ya kwao iithibitishe, na hapo unalipa kamisheni mara mbili.

Kwa hiyo msaada wa kwanza wa kuomba ni wa dhamana hizo. Benki Kuu inasimamia mpango wa serikali wa kudhamini mikopo ya wauzaji nje, lakini unaupitia kwa benki yako. Muulize afisa mikopo, kwa maandishi, kama unagusa huduma za ujenzi au bidhaa peke yake. Ukiogopa shirika la umeme la huko kutokulipa (na uogope), nenda ATIDI, shirika la bima la nchi za Afrika lililoko Nairobi. Ndiyo kazi yao kukatia bima hatari za namna hiyo, na Malawi, Zambia, Burundi na Kongo zote ni wanachama. Gharama ya bima iweke ndani ya bei tangu mwanzo.

Barua ya dhamana ya zabuni, ile unayoiambatanisha na bei yako, isome mwenyewe, usimwachie karani. Nimeona zabuni nzuri zikitupwa pale pale kwa sababu dhamana iliisha muda mapema. Masharti ya Benki ya Dunia huitaka iishi siku 28 zaidi ya uhai wa zabuni. Nakili maneno ya fomu ya mteja neno kwa neno. Mwanasheria wa benki akitaka kuyapamba, mkatalie.

Ubalozi nao utumie, ila kwa wakati wake. Kabla ya zabuni kutangazwa, wakuulizie bajeti ipo kweli, shirika linalipa wakandarasi baada ya muda gani, na vifaa vyako vitapita mpakani kwa utaratibu upi wa kuingizwa kwa muda. Tathmini ikishaanza, usimtume balozi kupiga simu, maana ni njia ya haraka ya kuenguliwa. Na ukiwa na wakala huko, kamisheni yake iwe kwenye karatasi, kwa kuwa taasisi za udhamini huuliza wakala ni nani na analipwa nini.

Ukitaka mfano wa jirani, tazama KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme ya Kenya. Serikali ya Kenya ina asilimia 70 ya hisa. Ujuzi wa kuchimba visima vya jotoardhi iliupata Olkaria, kwenye miradi ya nyumbani, kisha kuanzia 2019 ikapata kandarasi za uchimbaji Ethiopia, baadaye Djibouti. Hilo ndilo ningeomba kwa serikali yetu kabla ya ruzuku yoyote: shirika la umeme litupe kazi za msongo mkubwa hapa nyumbani, tukiwa wakandarasi wakuu, na tukimaliza litupe cheti cha kukamilisha kazi chenye kilovoti, kilomita na tarehe. Makabrasha ya nje yanataka karatasi hiyo, na asiye nayo bei yake haifikii hata kusomwa.