Kozi ya kiangazi ya uchoraji huko Salzburg

Ndugu yangu, umeeleza kwamba unawachorea watalii mandhari ya Kilimanjaro hapa Moshi, na unauliza kama inafaa kutumia akiba yako kwa kozi ya kiangazi ya uchoraji huko Salzburg, Austria. Kwa maoni yangu inafaa, ila usiifuate kwa sababu ya cheti. Chuo hicho cha kiangazi, kilichoanzishwa na mchoraji Oskar Kokoschka mwaka 1953 ndani ya ngome ya Hohensalzburg, kilianza kwa jina la Shule ya Kuona, na jina hilo halikuwa pambo, kwani mwanzilishi huyo aliwataka wanafunzi wachore kwa rangi za maji, upesi, mtu aliye mbele yao ambaye hakukaa tuli. Sisi tuliozoea kuuchora mlima uleule kwa kukariri (nami sijitoi) hupata taabu sana katika zoezi la namna hiyo.

Kwa hiyo, katika kazi utakazotuma pamoja na maombi, punguza vilele vya theluji na uweke michoro ya haraka ya watu, hata akina mama wauzao ndizi katika soko la Mbuyuni.

Viza ya Schengen, yaani kibali cha kuingia Austria na nchi nyingine za Ulaya zilizoungana nayo mipaka, huombwa ndani ya miezi 6 kabla ya safari, wala si chini ya siku 15, pamoja na bima ya matibabu safarini yenye kinga isiyopungua euro 30,000. Tapentaini, kile kiowevu cha kuyeyushia rangi za mafuta, usiibebe kwenye ndege, kwa kuwa huwaka upesi, utainunua hukohuko.