Neno magazine lilivyonipa kazi

Kazi nimepata jamani, alhamdulillahi! Ni kazi ya kuwatafsiria wageni kwenye hoteli moja huku Lamu, na tangu niposti habari hiyo meseji haziishi, kila mtu ananiuliza Kiingereza nimekitoa wapi na chuo kikuu sijakanyaga. Haya nawaambia.

Kwenye intavyuu meneja alinisogezea karatasi ina sentensi moja tu ya Kiingereza, kwamba magazine ilikuwa tupu, akaniambia tafsiri. Kijana aliyetoka kabla yangu aliniambia mlangoni kaandika jarida, basi. Mimi nikamjibu meneja inategemea anayesema ni nani, maana akiwa askari anakusudia kile kikasha cha risasi kwenye bunduki, akiwa mtu wa manowari za zamani ni ghala la baruti, na akiwa msomaji ndo jarida. Akaweka kalamu chini. Akauliza, imekuwaje neno moja libebe yote hayo?

Hapo ndo alinipa uwanja. Neno lilianza kwa Waarabu, makhzan ni ghala, wingi wake makhazin. Waitalia wakasema magazzino, Wafaransa magasin ambayo leo kwao ni duka, Waingereza wakalipokea karne ya 16 kwa maana ile ile ya ghala, likaja kuwa ghala la silaha, mwisho likaingia kwenye bunduki yenyewe. Jarida lilikuja 1731 kule London, Edward Cave alipoanzisha The Gentleman's Magazine, yaani ghala la maandishi ya kila aina, na jina likawashika wote waliomfuata.

Na mzizi wake ndo huo huo wa hazina yetu! Mtoto yeyote wa Lamu aliyesoma Surat Yusuf keshakutana nao, aya ya 55, pale Nabii Yusuf anapomwambia mfalme amweke msimamizi wa khazain, yaani hazina, za nchi.

Ndo maana mpaka leo inaniuma. Kuna mwalimu alinisimamisha mbele ya darasa akasema madrasa imenifunga ulimi, Kiingereza nisahau, na wenzangu wakacheka. Kumbe madrasa ndo iliyonipa ufunguo.

Kwa hiyo wadogo zangu, acheni kukremu. Neno likikuletea maana tano usizimeze zote tano, uliza kwanza limetoka wapi, kamusi zinazoonyesha asili ya maneno zipo bure kwenye simu zenu hizo hizo mnazoshinda nazo barazani. Asili kwanza, maana zitafuata. Narudia, asili kwanza! Na msikubali mtu awaambie lugha mliyolelewa nayo inawarudisha nyuma, mbebe Kiswahili chenu na Kiarabu chenu muingie navyo kwenye Kiingereza kifua mbele.

Leo usiku anzeni na monsoon, yaani pepo za msimu. Waingereza walilipata kwa Wareno, Wareno kwa Waarabu waliosema mawsim, na sisi tunaongojea kaskazi na kusi kila mwaka tunaliita msimu.