India Julai: Ladakh, si Goa

Kama unapanga kutembelea India, kwa Julai nenda Ladakh, eneo la milimani kaskazini kabisa; Goa ya fukwe iache. Mvua za monsuni huingia Kerala, kusini mwa nchi, mwanzoni mwa Juni, na kufikia katikati ya Julai zimeshatanda karibu nchi nzima. Goa bahari inachafuka na vibanda vingi vya ufukweni vinafungwa. Ladakh iko nyuma ya Himalaya, mawingu yanamwaga maji upande wa kusini, Ladakh yanafika makavu. Utakuta vilima vya rangi ya udongo mtupu, halafu ghafla shamba la shayiri la kijani kando ya mto.

Monsuni naijua: nimesoma Pune, mji wa magharibi mwa India, miaka mitatu, Julai nguo zilikuwa hazikauki hata ndani ya chumba.

Ila Leh, mji mkuu wa Ladakh, iko mita 3,500 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyembamba. Ukishuka kwenye ndege kutoka Delhi, siku mbili za kwanza pumzika tu, kunywa maji. Kichwa kitagonga hata ukipanda ngazi. Manali na Shimla, miji mingine ya milimani, zinafaa Mei mpaka katikati ya Juni, baadaye barabara zake hukatwa na maporomoko ya ardhi.